Neno Lisilo na "Ji"

Wa kwanza kuja kuchukua nguo zake zikiwa bado zimelowa alikuwa jirani wa nyumba ya pili, mwenye duka la madaftari. Alisimama uani akazichomoa mwenyewe kwenye kamba, shati baada ya shati, akisema amepata safari ya ghafla. Dobi alimwomba asubiri kidogo, pasi ilikuwa imeshashika moto, angalau mashati mawili matatu yangenyooka. Jirani akasema hapana, huko anakokwenda watapiga pasi. Maji yalikuwa yanamchuruzikia kwenye viatu na wala hakuyatazama.

Wa pili alikuwa dereva wa kampuni ya maji. Naye alikuwa na safari. Wa tatu hakuja, alimtuma binti anayemfanyia kazi za ndani, na yule binti hakukanyaga uani. Alisimama nje ya geti, akanyoosha mkono apewe mfuko, akaupokea kwa ncha za vidole.

"Mji mzima una safari leo?" aliuliza mama mkwe, aliyekuwa amekaa mlangoni akitafuta kifungo cha kufanana na kilichokatika. "Wanahamia wapi watu hawa, na nguo mbichi?"

Dobi aliendelea kukamua shuka. Alikuwa mwanamke wa kujikaza kisabuni, na kwa kazi yake sabuni aliijua vizuri. Tangu mumewe auawe, mwaka wa tatu sasa, alikuwa akifua na kupiga pasi nguo za watu katika vyumba viwili vya kupanga, yeye, mama mkwe na binti yake wa pekee, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika kwamba mikono inamwuma. Lakini siku hiyo aliitazama kamba iliyobaki tupu saa za mchana, jua likiwaka, akahisi hofu ambayo hakujua inatoka wapi.

Alijua binti aliporudi kutoka shule kabla ya wakati. Mkono wa sare yake ulikuwa umechanika begani. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye simu ya mama yake iliyokuwa juu ya meza ya pasi, akabonyezabonyeza, akamwekea usoni.

"Umesema nini wewe, mama? Umewaambia nini?"

Kwenye kioo alikuwamo dobi mwenyewe, amevaa gauni lake la kutokea, amekaa kwenye kiti cha wageni katika kile kituo kipya cha kumbukumbu ya mlipuko, walikomwita azungumze. Uso wake ulikuwa mtulivu. Akasema: "Mume wangu alijitoa mhanga." Picha ikakatika hapo. Chini yake watu walikuwa wameandika mengi. Mmoja ameandika, *Na bado anajisifu.* Mwingine, *Huyu mama anaishi wapi?* Na mwingine alikuwa amejibu, akataja mtaa na rangi ya geti.

"Si ndivyo nilivyosema," dobi alisema. "Nilisema alijitoa mhanga ili gari lisiingie ndani. Mbona wamekata?"

"Mlipuaji wa kujitoa mhanga, mama! Redio inasemaje kila siku? Walipuaji wa kujitoa mhanga! Shuleni wananiita mtoto wa mlipuaji. Wamenivuta wakitaka kuona kama nimevaa bomu!"

Mama mkwe aliinuka mlangoni, vifungo vikamwagika. Alitaka kujua ni nani aliyemvuta mjukuu wake, na anaishi wapi, na amelelewa na nani. Hakuna aliyemsikiliza.

Neno lile dobi hakulibuni. Alilipewa msibani na rafiki wa mumewe, mlinzi mwenzake waliyemwita Filimbi, aliyekuwa naye zamu asubuhi ile. Filimbi alimshika mikono yote miwili akalia kama mtoto. "Shemeji," alimwambia, "kaka kajitoa mhanga kwa ajili yetu." Akamsimulia lilivyokuja lile gari kwenye geti la jengo la ofisi, lilivyokataa kusimama, na jinsi mumewe alivyoliparamia mlangoni, akauingiza mkono dirishani, akaukamata usukani na kuuzungusha, gari likaenda kujibamiza kwenye ukuta wa nje badala ya kupita getini. Lililipukia pale nje. Watu wa barabarani wakafa, naye akafa. Wa ndani, wengi wao, wakapona. Katika yote aliyopewa msibani, mikeka, sukari, pole, dobi alibaki na lile neno tu. Alikuwa akilisema peke yake wakati wa kupiga pasi. Msichana wa kamera kule kituoni alipomwambia azungumze kwa maneno yake mwenyewe, hakuwa na maneno mengine yaliyo bora kuliko hayo.

*

Kituo kilikuwa bado kinanuka rangi. Juu ya mlango mafundi walikuwa wakibandika herufi za chuma, moja moja: KITUO CHA KUMBUKUMBU NA MAFUNZO YA WAHANGA WA UGAIDI. Dobi alisimama chini akazisoma mpaka alipofika kwenye WAHANGA, akaona basi, mambo yamekwisha, neno lenyewe si hilo liko juu ya mlango?

Katibu wa kamati alimpokea kwa heshima zote. Alikuwa mtu mpole, wa kukukaribisha kiti kabla hujafika kwenye kiti. Alimtaka radhi kwa kile kipande. Kilikatwa ili kiwe kifupi, watu wavutiwe kuja kwenye ufunguzi, na kijana aliyekata hakufikiri. Wamekiondoa. Ila kimeshasambaa.

"Basi semeni ukweli," dobi alisema. "Toeni kipande chote."

"Mama, kuna tatizo la lugha hapa." Katibu alivua miwani. "Mhanga ni aliyeuawa. Aliyejitoa mhanga ni aliyeua."

"Neno ni lile lile."

"Ni lile lile."

"Sasa mtu atajuaje nani ni nani?"

Katibu alitabasamu kidogo, akaona aibu, akaliacha tabasamu. Akamchukua wakaingia ukumbini mpaka kwenye ukuta wa majina. Ulikuwa wa mawe meusi yaliyosuguliwa yakang'aa, na kila jiwe lilikuwa na jina la mtu. Dobi alitafuta jina la mumewe, lile jina lake lote, alilowaandikia kwa mkono wake kwenye karatasi ili wasikosee. Alitafuta juu, akatafuta chini. Mahali pake palikuwa na jiwe tupu.

"Limesimamishwa kwa muda," katibu alisema.

"Kwani lilikuwa limekaa?"

Hakusema kwa mzaha. Hasira ilikuwa imempanda ikamtoka kwa mlango huo. Katibu akaeleza, akitazama sakafu, kwamba kipande kilipotoka, familia kadhaa zilikuja juu. Baba mmoja aliyepoteza wanawe wawili barabarani alisema wanawe hawatalala ukuta mmoja na mtu yule, ama sivyo angekuja na nyundo. Kamati ikafungua tena ripoti ya polisi. Ripoti inasema mwili wa mlinzi ulikutwa umebanana na mwili wa dereva wa gari, mkono wake ukiwa kwenye usukani.

"Si ndiyo maana yake!" dobi alisema. "Alikuwa anauzungusha!"

"Mimi nakuamini. Lakini ripoti haisemi alikuwa anauzungusha wapi." Katibu akashusha sauti. "Niletee mtu aliyeona kwa macho yake. Aje akae mbele ya kamera aseme. Nikiwa na shahidi, nitasimama mbele ya kamati nzima. Ufunguzi uko karibu, mama. Jiwe likifunguliwa tupu litabaki tupu."

*

Filimbi alikuwa siku hizi analinda ghala la saruji. Alimwona dobi akija kwa mbali, akavua kofia, akaivaa, akavua tena. Kwenye mfuko wa shati lake kulikuwa na nishani ndogo ya kampuni, yenye utepe.

"Shemeji! Karibu, karibu. Mtoto hajambo? Mama hajambo?"

"Hawajambo. Umeiona ile picha."

"Nimeiona." Akatazama kushoto na kulia ingawa hapakuwa na mtu, ila mifuko ya saruji iliyopangwa hadi darini. "Watu wabaya sana, shemeji. Wabaya sana."

Dobi alimweleza alichotumwa. Hakuzunguka. Alimwambia jiwe ni tupu, binti haendi shule, kamba ya nguo imekauka, na kwamba maneno machache kutoka kwake yangemaliza kila kitu. Alikuwa amekuja na imani. Huyu ni mtu aliyekula nyumbani kwake, aliyembeba binti yake mabegani, na ndiye aliyempa neno lenyewe. Alipomaliza kusema alianza hata kufikiria mahali atakapokaa Filimbi mbele ya kamera, na kwamba atampigia pasi sare yake bure.

Filimbi aliikunja kofia mkononi.

"Mimi sikuona vizuri, shemeji."

"Ulinisimulia mwenyewe."

"Msibani mtu husema mengi."

"Filimbi! Nitazame."

Akamtazama, na macho yake yalikuwa yameshajaa machozi. "Nikisema nilimwona, wataniuliza nilimwona nikiwa wapi. Kampuni niliiambia nilikuwa napiga kengele ya hatari. Ndiyo wakanipa hii." Akaigusa nishani kama inamuunguza. "Hakuna aliyepiga kengele, shemeji. Niligeuka nyuma mara moja tu nikiwa nakimbia, ndipo nikamwona kaka yuko juu ya lile gari. Alikuwa ananiita. Sasa nikae mbele ya watu wote, na wake zao, na watoto wao, niseme hivyo? Nina watoto mimi. Kazi yenyewe ndiyo hii."

Dobi alitaka kumtukana. Alikuwa na matusi ya kutosha, kila siku aliyasikia wateja wakitukanana juu ya soksi zilizopotea. Badala yake alijikuta anamwonea huruma, na huruma hiyo ilimchukiza kuliko woga wa Filimbi. Aliondoka bila kuaga. Nyuma yake alimsikia akisema, "Msalimie mama," kama vile alikuja kumtembelea.

*

"Sema tu aliuawa," binti alisema. "Kama baba za wengine. Aliuawa, basi."

Walikuwa wamekaa chumbani, asubuhi ya siku ya shule, na binti alikuwa bado na nguo za kulalia. Mwalimu alikuwa amempigia dobi simu kumwambia, kwa upole mwingi, kwamba pengine ni vyema mtoto apumzike nyumbani mpaka upepo utulie. Kwa hiyo alikuwa anapumzika. Alikuwa akipumzika huku anatafuna kucha mpaka zinatoka damu.

"Hakuuawa kama kuku," mama mkwe alisema. "Alikwenda. Aliliona gari akalifuata. Mimi nilizaa mtu aliyekwenda, sikuzaa mtu aliyekutwa."

"Bibi, wewe huendi shule! Wewe hawakuvui nguo kutafuta bomu!"

"Usinipandishie sauti."

"Na wewe usiniharibie maisha kwa ajili ya neno!"

Mama mkwe aliinua mkono, ukabaki hewani, ukashuka wenyewe. Hakuwa amempiga mjukuu wake hata siku moja. Akamgeukia dobi. "Na wewe husemi kitu?"

Dobi alikuwa anakunja shuka la mteja wa mwisho aliyebaki, mzee mmoja asiye na simu. Alikuwa akilikunja na kulikunjua. Alimpenda mumewe kwa jinsi alivyokuwa, mkaidi, asiyeweza kuona mlango umeachwa wazi akapita bila kuufunga, na alijua kwamba mama mkwe anasema kweli. Alijua pia kwamba binti yake bado ana miaka mingi ya kuishi katika mji huu, na jina la baba yake litamtangulia kila atakapokwenda, kazini, kwenye posa, hospitalini. Mume ameshakufa. Ni maneno magumu, na alijichukia kuyawaza, lakini ndiyo aliyoyawaza.

"Nitakwenda kwa katibu," alisema.

"Kusema nini?" mama mkwe akauliza.

Dobi aliinamia shuka, na mama mkwe akaelewa. Tangu saa hiyo mama mkwe alimsemesha kwa kupitia binti. Mwambie mama yako maji yamechemka. Mwambie mama yako kuna mtu getini.

*

Msichana wa kamera alimbandika kipaza sauti kifuani. Ndiye aliyerekodi mara ya kwanza, na alimwomba dobi msamaha mara nyingi kiasi kwamba dobi ndiye aliyekuwa anambembeleza. Katibu alikaa pembeni na karatasi yenye maneno yaliyopitishwa na kamati.

"Kwanza nijaribu langu," dobi alisema. "Nikisema alijitolea maisha yake? Hapo mhanga hayumo."

Katibu alitikisa kichwa. "Nimeshawapelekea hilo, mama. Alijitolea, alijitosa, alijirusha, yote niliwapelekea. Wamekataa. Yote yana 'ji' ndani yake, na hiyo 'ji' ni yeye mwenyewe. Msikilizaji akiisikia anauliza, huyu mwenyewe, kwa hiari yake, alikuwa anatafuta nini kwenye lile gari? Ndipo tunarudi kule kule kwenye usukani."

"Alilikimbilia gari. Hapo hakuna 'ji'."

"Hiyo ni mbaya kuliko zote."

"Alilizuia."

"Nani alimwona?"

Nje kulikuwa na mtu anapasua vigae.

"Nataka neno lisilo na 'ji'," katibu alisema, na kwa kweli alisema kwa huruma. "Neno ambalo yeye hakufanya chochote. Amefanyiwa."

"Aliuawa."

"Hilo."

"Lakini hilo yeye hayumo kabisa."

"Ndiyo usalama wake, mama. Na mahali alipokuwa tuseme kibandani, kile kibanda cha walinzi pale getini. Alikuwa zamu, na zamu ni kibandani. Huo si uongo mkubwa, na ripoti wameshaifunga." Akavua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Nikuambie jambo moja kabla hatujaanza, lisije likakushtua baadaye. Nimepigana sana kulirudisha hili jina. Kamati imekubali kwa shingo upande. Maneno yakibadilika tena, hata kidogo, hata kwa kuteleza, watalitoa, na safari hiyo sitakuwa na cha kukutetea."

Taa ikawashwa. Dobi alipiga moyo konde. "Mume wangu aliuawa akiwa ndani ya kibanda chake, kazini," alisema.

"Safi sana, mama," katibu alisema.

Msichana wa kamera akainua mkono kwa aibu. Lori lilikuwa limepiga honi nje, sauti imeharibika, tafadhali arudie. Akarudia. Safari hii alikuwa amesema haraka mno. Akarudia tena. Alipomaliza mara ya mwisho sentensi ilikuwa inamtoka bila kikwazo, laini, hata yeye aliona inasikika kama kitu kilichotokea. Hilo ndilo lililomliza, na walidhani analia kwa ajili ya kumbukumbu, wakamletea maji.

*

Siku ya ufunguzi mama mkwe alisema ana mgongo. Alimwambia binti amwambie mama yake.

Wateja walikuwa wameanza kurudi. Jirani wa duka la madaftari alileta furushi zima, akauliza hali, akasema watu siku hizi hawana adabu na simu zao. Binti alikuwa ameshonewa sare mpya, nayo shule yake ilikuwa imepelekwa ukumbini kwa mstari, wanafunzi wa kwanza kujifunza katika kituo kile. Dobi aliwaona wakigombea vipokea sauti vilivyoning'inia ukutani, vya kusikilizia ushuhuda wa familia. Alimwona binti yake akivivaa, akisikiliza, kisha akimvalisha rafiki yake, na rafiki akasikiliza mpaka mwisho, halafu akamkumbatia. Binti alicheka kitu. Dobi hakukumbuka lini mara ya mwisho alimsikia akicheka.

Jina lilikuwapo. Lilikuwa limechongwa vizuri, limenyooka, halina kosa hata la herufi moja. Baba aliyepoteza wanawe wawili alipita karibu, akalitazama, akampa dobi mkono. Katibu alikuwa hatua chache tu kutoka kwake na wageni wenye suti, akiwaelezea mawe yalikotoka.

Ndipo akaja mwanamke mmoja wa makamo, anatembea kwa gongo, upande mmoja wa shingo yake una makovu ya moto. Alikuwa akisoma jina moja moja na kwa kila jina anauliza kitu walio jirani, kisha anashukuru na kusogea. Alifika kwa dobi.

"Samahani, dada. Huyu ni wako?"

"Ni mume wangu."

"Pole sana. Alikuwa mlinzi?"

"Alikuwa mlinzi."

Yule mwanamke akaegemea gongo lake kwa mikono yote miwili. Alisema yeye alikuwa karani mle ndani ya jengo, ghorofa ya kwanza, meza ya dirishani. Tangu siku ile alikuwa mbali kwa matibabu, hospitali hii na ile, amerudi nyumbani wiki hii. "Kuna mlinzi namtafuta," alisema. "Jina silijui. Nilisikia kelele nikachungulia, nikamwona yuko nje kwenye mlango wa gari, mwili wote nje, mkono ndani. Anavutana na usukani. Na unajua alifanya nini? Aliinua uso akaniona. Katikati ya yote hayo, dada, akaniona. Akatoa ule mkono mwingine, akanifanyia hivi." Alishusha kiganja chake taratibu, kama anamlaza mtoto. "Lala chini. Nikalala. Kioo kikapita juu yangu. Ningekuwa nimesimama nisingekuwa na kichwa. Ule mkono aliutoa kwenye kushikilia, ndiyo maana alianguka kwa ndani. Wakati najiinamisha nilikuwa bado na jicho moja juu ya kizingiti cha dirisha, niliona."

Huyu hapa shahidi. Huyu ndiye aliyemtafuta kwenye mifuko ya saruji, anatembea kwa miguu yake amekuja mwenyewe, na amekuja na kitu ambacho hata Filimbi hakuwa nacho. Dobi alimwona mumewe. Aliuona mkono wake, ule wenye kidole kilichopinda, ukishuka taratibu. Furaha ilimjaa mpaka kooni, furaha halisi, na nyuma yake ikaja hofu.

Kwa sababu katibu alikuwa amegeuka na alikuwa anamtazama. Kwa sababu baba wa wana wawili alikuwa bado hajafika mbali. Na pale ukutani, masikioni mwa watoto wa watu, sauti yake mwenyewe ilikuwa inasema kibandani, kibandani, bila kuchoka. Akisema ndiye huyu, basi ile ni uongo, na kamati ina sababu, na simu zitatoka mifukoni, na kesho asubuhi mtu atakuja uani kuchomoa mashati yaliyolowa. Aliwaza amvute yule mwanamke pembeni, amwambie kwa kunong'ona. Aliwaza atamtafuta kesho. Alijua hatamtafuta.

"Ni huyu?" mwanamke aliuliza. Sauti yake ilikuwa na matumaini mengi. "Walinzi walikuwa wachache. Ni huyu wako?"

Binti alikuwa anapunga mkono kutoka upande wa pili wa ukumbi, akimwita mama yake aje apigwe picha na darasa.

"Siye," dobi alisema. "Wangu aliuawa kibandani."

"Aa." Yule mwanamke alishusha mabega. Akalitazama jina mara moja tena kwa heshima, akalipitishia vidole, akasogea kwenye jiwe linalofuata. Halafu akageuka. "Lakini sitaacha kuwatafuta watu wake. Mtu kama yule hakosi watu wake."

"Hakosi," mkewe akajibu.